Chatu Nyumbani kwa Fundi Vifaranga

Mtaani walimwita Fundi Vifaranga, naye hakulikataa jina hilo kwa kuwa lilitokana na kazi yake. Alitengeneza mashine za kutotolea mayai na masanduku ya kulelea vifaranga, ya mbao tupu, yenye taa kila kona na feni ndogo ya kuzungusha hewa. Wateja walimfuata kutoka mbali kwa sababu moja: sanduku la Fundi lilikuwa na joto sawasawa kila mahali. Weka kipima joto kona hii, kinasoma thelathini na nne. Kihamishe kona ile, thelathini na nne. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mizito na subira ya kuku anayeatamia. Ungewauliza majirani ana ila gani, wangekuna vichwa kabla ya kukujibu.

Ila yake ilijitokeza siku baba mzazi wa Kidoti alipopiga hodi, amebeba sanduku la plastiki lenye matundu, na ndani ya sanduku mna chatu.

Kidoti alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu, na jina hilo alilipata kwa sababu ya alama ndogo nyeusi juu ya mdomo. Fundi alimwoa mama yake wakati Kidoti ana miaka miwili, bado anabebwa mgongoni. Ni Fundi aliyemfundisha kuendesha baiskeli, ni Fundi aliyemwuguza surua, ni Fundi aliyesimama langoni mwa shule akingoja mvua inyamaze. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Fundi alipenda kuongeza kimoyomoyo kwamba yuko mtu ambaye hata hiyo mimba hakuilea. Mtu huyo alikuwa amekwenda kutafuta maisha mbali, akapotelea huko miaka kumi na minne, na sasa amerudi, ana kazi ya kutunza nyoka kwenye bustani ya wanyama, anavaa shati lililopigwa pasi mpaka mikononi, tena ananukia vizuri. Fundi alimpa jina siku hiyo hiyo, Bwana Manukato, na hakuwahi kumwita vinginevyo.

Bwana Manukato alieleza kwa adabu, amekaa ukingoni mwa kiti. Kidoti alimtembelea kazini mara mbili akawapenda nyoka. Huyu ni wa aina ndogo, hana sumu, hazidi urefu wa mtu mfupi hata akizeeka, amezaliwa kizimbani, na karatasi zake za kibali hizi hapa. Akatoa pia kurasa mbili alizoandika kwa mkono wake, mwandiko uliosimama wima: namna ya kupanga joto, namna ya kutandika chini. Kisha akasema jambo ambalo Fundi hakulala nalo vizuri.

"Tumjaribu mwezi mmoja, Fundi. Nyoka akihamishwa anaweza kugoma kula. Akila hapa, ni wa hapa. Asipokula, nitamrudisha kwangu, na Kidoti awe anakuja kumtunza kila Jumamosi."

Mama yake Kidoti akaona ni sawa. Kidoti alikuwa ameinamia sanduku. Fundi akasema hakuna neno, na moyoni yakawa maneno tele.

Ili uelewe kilichomchoma, ni lazima uijue Jumamosi ya nyumba ile. Mama mtu alikuwa muuguzi, na Jumamosi alikuwa zamuni. Fundi na Kidoti walishinda karakanani, nyuma ya nyumba. Fundi hupiga randa na kuunga nyaya. Kidoti hujifungia kwenye kabati lenye giza na tochi, anamulika mayai ya mashine za majaribio, moja moja, kuona kama yana uhai, anaita kutoka humo ndani: hai, hai, bovu, hai. Fundi huandika kwa penseli ya seremala kwenye kipande cha ubao. Hawakuwa na mazungumzo mengine ya maana. Lakini wiki nzima Fundi aliishi akielekea kwenye kabati lile. Na sasa mtu amekuja na nyoka wake, anaiulizia Jumamosi mchana kweupe, tena kwa adabu.

Zile kurasa mbili Fundi alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuzitia kwenye droo ya misumari iliyopinda. Kufundishwa joto, yeye, na mtu anayenukia ua. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Fundi siku hiyo lilikuwa limekwisha kuzikwa.

Kizimba alikitengeneza kwa siku mbili, na lazima tumpe haki yake, kilikuwa kitu cha kutazamwa. Mbao ngumu, viungo vya kuumana bila msumari hata mmoja, kioo kinachoteleza mbele bila kelele, komeo la shaba. Ndani alibandika vipande vya povu gumu jeupe la kuzuia joto lisitoroke. Taa nne, kona nne, kila moja imefunikwa kwa wavu ili nyoka asiungue. Feni ndogo juu. Thelathini na nne kona hii, thelathini na nne kona ile. Chini akatandika maranda, unene wa vidole vinne kama anavyowatandikia vifaranga, ila maranda haya hayakuwa ya kawaida. Alikwenda kwa mchonga samani wa mtaa wa pili akaomba ya ule mti mwekundu wenye harufu tamu, ambao watu hutengenezea makabati ili wadudu wasile nguo. Nyumba nzima ikanukia. Fundi akavuta pumzi akaridhika, akajiambia kwamba manukato si mali ya mtu mmoja.

Kizimba kikawekwa chumbani kwa Kidoti, naye akamtia chatu humo kwa mikono yake miwili, polepole, akimnong'oneza. Akauliza kama zile karatasi za maelezo zilisema hivyo hivyo. Fundi akajibu kwamba joto ni joto, na tangu aanze kazi hii ametotoa viumbe wasiohesabika. Kidoti akatikisa kichwa kukubali. Mtoto aliyemwamini tangu ana miaka miwili angeanzia wapi kumkatalia?

Siku ya kwanza chatu alizunguka. Siku ya pili akazunguka. Siku ya tatu asubuhi Fundi alipita na kikombe chake cha chai, akamkuta amejikunja ndani ya bakuli la maji, mwili wote, pua tu ndiyo imebaki nje, na pua hiyo ameielekeza kwenye tundu la hewa.

Sasa sikiliza. Hakuna mtu mjini mle aliyejua kusoma jambo hilo kuliko Fundi. Mteja mpya akija, somo la kwanza lilikuwa hilo: vifaranga wakijirundika katikati, baridi, wakitawanyika wanadonoa, sawa, wakijibana ukutani na kuachama midomo, joto limezidi, zima taa mara moja. Alilisema kila wiki, wakati mwingine mara mbili. Akasimama pale na chai yake, akamtazama nyoka aliyejibana kwenye tundu la hewa, na moyo ukamwambia maneno yale yale anayowaambia wateja. Akajitia hamnazo. Akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu, kwamba nyoka hupenda maji. Akaenda karakanani.

Wiki ikaisha, Kidoti akamletea chatu panya wa kugandishwa, ameyeyushwa vizuri na kupashwa moto, anamning'iniza kwa koleo. Chatu hakugeuka. Wiki ya pili vile vile. Alikuwa ameanza kutoa sauti ya mafua, puani mna kitu kama povu jembamba, na maranda mazuri yamemganda mdomoni. Kidoti alikaa mbele ya kioo jioni baada ya jioni, kidevu juu ya magoti. Fundi akamfariji kwamba mgeni yeyote huchelewa kuzoea, kwani hata kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Usiku akaongeza maranda.

Mkewe hakuwa kipofu. Alimwambia Fundi wakiwa wanatandika kitanda, bila hasira, akivuta shuka upande wake, kwamba ampigie simu mwenye nyoka amwulize. Fundi akasema hana haja. Mkewe akasema, "Unashindana na mtu asiyejua kama kuna mashindano." Fundi akakung'uta mto kwa nguvu kuliko ulivyostahili.

Wivu, mtu akiusikia kwa wengine, huudhani ni moto. Kwa Fundi haukuwa moto, ulikuwa kazi. Alikuwa akiufanyia kazi toka anaamka. Simu ya Kidoti ikilia, anahesabu dakika atakazoongea. Kidoti akicheka, anajiuliza alicheka hivyo lini mara ya mwisho karakanani. Akirudi kutoka bustani ya wanyama, Fundi ananusa hewa anapopita, mtu mzima na ndevu zake, ananusa hewa. Alikuwa amegundua kwamba mbele yake Kidoti hamwiti yule mtu jina lolote, wala baba wala nani, husema "yeye" tu. Jambo hilo lilimpa raha kubwa, na raha yenyewe aliionea haya.

Wiki ya tatu, Alhamisi mchana, Fundi aliingia ndani kutoka karakanani kuchukua bisibisi aliyoisahau. Kidoti alikuwa amekwisha kurudi kutoka shule, yumo chumbani, mlango umeegeshwa, anaongea na simu. Fundi hakukusudia kusikiliza. Tuseme alikusudia kidogo.

Kidoti alikuwa akisema kwamba chatu hajambo, kabisa. Amekula mara mbili, tena kwa haraka. Ndiyo, kuna upande wa joto na upande wa baridi, kama karatasi ilivyosema. Ndiyo, makumbi ya nazi, siyo maranda. Hapana, hakuna haja ya kuja kumwona, wana mitihani, labda mwezi ujao. Alisema yote hayo kwa sauti changamfu. Alipokata simu akapiga magoti mbele ya kizimba, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, na Fundi akamwona mabega yakitetemeka.

Bisibisi ikamponyoka mkononi. Kidoti akageuka.

Fundi akaingia, akakaa kitandani, na kitanda kikalalamika. Chatu ndani ya bakuli lake alivuta pumzi kwa shida, ikasikika.

"Kwa nini umemdanganya?" Fundi akauliza.

Kidoti alifuta uso kwa kiganja. "Akija ataona umekosea."

"Na nikikosea?"

"Atakusahihisha. Humu humu ndani, mbele yangu." Akatazama chini. "Sitaki mtu akusahihishe kwako, Baba."

Mtu anaweza kungoja neno miezi mizima, na likija limchape. Hivi ndivyo Fundi alivyopata alichokuwa akikitafuta. Mtoto alikuwa upande wake. Alikuwa upande wake kiasi cha kumwacha mnyama anayempenda afe polepole mbele ya macho yake, ili heshima ya baba yake isiguswe. Na baba mwenyewe alikuwa amelijua kosa kwa siku kumi na nane.

Angeweza kunyamaza. Angezima taa mbili usiku, abadilishe maranda, chatu apone, na siri ife hapo hapo. Aliiwaza njia hiyo, na ilikuwa nzuri. Kisha akamtazama Kidoti, macho yamevimba.

"Joto limezidi," akasema. "Nilijua tangu siku ya tatu."

"Ulijua?"

"Nilijua. Angekuwa kifaranga ningezima saa ile ile. Sikutaka yeye ndiye awe amejua."

Kidoti hakulia tena, wala hakupaza sauti. Alimtazama tu, kwa muda mrefu, kwa jicho ambalo Fundi hakuwahi kuliona kwake, la mtu mzima anayempima mtu mzima mwenzake. Halafu akaokota simu kitandani, akaitafuta namba, akamnyooshea.

"Basi mpigie wewe."

Akampigia. Kila neno lilimtoka kama jino, lakini lilitoka: kwamba chatu hajala hata mara moja, kwamba anatoa povu puani, kwamba karatasi hakuisoma, kwamba Kidoti asilaumiwe kwa aliyoyasema. Kisha Bwana Manukato akasema azime taa zote isipokuwa moja, atoe maranda yote sasa hivi, atandike magazeti, naye anakuja.

Alifika kabla ya saa kumi na moja, amekuja na daktari wa wanyama wa bustanini kwao, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Daktari akamchoma chatu sindano, akasema mapafu yameanza kuvimba kwa harufu ya mti ule na joto lisilo na pa kupumzikia, na kwamba wangechelewa wiki moja angekuja kufanya kazi nyingine, ya kupasua mzoga. Fundi alisimama mlangoni akisikiliza, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Alikuwa amejiandaa kuchekwa. Bwana Manukato hakumcheka. Alipitisha vidole kwenye viungo vya kizimba, akafungua kioo, akakifunga, akasema kazi ya mbao namna hii hawana hata kule kwao, wanafugia kwenye plastiki. Laiti angemcheka. Kicheko mtu anaweza kukikasirikia, lakini sifa ya kweli kutoka kwa mtu unayemwonea wivu utaifanyia nini?

Wakafanya kazi pamoja, magotini, mabega yakigusana kwa ufinyu wa nafasi. Bwana Manukato alieleza kwamba nyoka hana joto lake mwenyewe kama kuku; hulifuata likimpungukia na hulikimbia likimzidi, kutwa nzima, na mahali penye joto moja hana pa kwenda. Fundi akaelewa kwa haraka, maana alikuwa fundi. Ni yeye aliyependekeza kuondoa feni, ni yeye aliyekata povu la upande mmoja ili upoe. Taa zikatoka zote nne. Chini ya upande wa kulia wakalaza pedi ya joto yenye thamostati ya kudhibiti joto, waya wake wa kupimia wakaubandika palipo na joto lenyewe. Thelathini na mbili huku, ishirini na sita kule. Wakatandika makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yakanyunyizwa maji kidogo. Vijumba viwili vya kujifichia, kimoja kila upande. Kidoti alikuwa akiwapa vitu, na mara mbili alimpa koleo yule mtu kabla hajaombwa, kwa namna ambayo karakanani humpa Fundi. Fundi aliona. Akaendelea kukata povu.

Siku nne chatu alihama, akitoka kijumba hiki akienda kile, bila kurudi bakulini. Povu la pua likakauka. Siku ya sita jioni, siku mbili kabla mwezi haujatimia, Kidoti alimning'iniza panya kwa koleo, na Fundi akiwa pembeni anashika kioo. Kichwa kikatoka kijumbani, ulimi ukaonja hewa mara tatu. Halafu hata hawakuona kilivyotokea. Chatu alikuwa amekwisha kujizungusha kwenye panya mara mbili, na Kidoti amekaa chini ghafla, koleo tupu mkononi, anacheka na kulia kwa pamoja.

Walimtazama mpaka mkia wa panya ukapotea. Amekula hapa, basi ni wa hapa. Mapatano yalikuwa mapatano, na Fundi aliyakumbuka neno kwa neno, maana aliyarudia kila siku kwa siku ishirini na nane. Jumamosi ilikuwa yake. Hakuna aliyeichukua.

Kidoti akasema, bila kumtazama, "Kwa hiyo Jumamosi tunamulika mayai. Zile trei mbili hazijaguswa."

Alilisema vizuri, kwa uchangamfu. Ilikuwa ile sauti aliyokuwa akiongea nayo kwenye simu Alhamisi ile, na Fundi akaijua.

Akafunga kioo. Akateremsha komeo.

"Trei zitangoja," akasema. "Jumamosi nitakupeleka kwake."

"Siyo lazima, Baba. Chatu amekula."

"Najua siyo lazima."

Kidoti akageuka kumwangalia, kuhakikisha. Alipoona hatanii, furaha ilimlipuka usoni kabla hajawahi kuizuia, yote, kama ilivyo, furaha ya mtu aliyekuwa akitaka kitu kwa muda mrefu na kukificha kwa ajili ya mwingine. Akamkumbatia shingoni, akainuka, akakimbilia jikoni kumwambia mama yake, na kutoka huko Fundi akamsikia akiuliza avae nguo gani.

Fundi alibaki amekaa sakafuni mbele ya kizimba. Wivu ulimjaa kifuani mpaka ukamsumbua kupumua, mkubwa kuliko siku ile ya kwanza, na neno alilolitoa hakulirudisha.